Vijiji vya Reli Vilivyosahauliwa, na Jinsi ya Kuvitafuta katika Ramani na Vitabu vya Zamani



Siku moja baada ya ibada mama mmoja mzee alinijia akaniambia, "Mwalimu, nina neno linalonisumbua tangu ujana wangu. Marehemu baba alikuwa akituambia, 'Mimi nilizaliwa chini ya kamba.' Tulipomwuliza ni kamba gani, alicheka tu, akajibu, 'Kamba ya chuma iliyobeba miti.' Sasa baba hayupo, na wajukuu zangu huambiwa na wenzao kwamba sisi ni watu wa kuja, hatuna kwetu. Je, mahali hapo pako wapi?"

Sikuwa na jibu. Wengine waliosimama karibu walidhani kwamba mzee yule alisema habari ya waya wa simu upitao kando ya reli. Wengine walidhani ni mzaha wa wazee. Lakini mama hakutaka mzaha, alitaka kujua kwao. Basi, tulianza kutafuta, na jinsi tulivyotafuta ndiyo somo la mwezi huu. Maana katika sharika zetu nyingi, tangu Tanga hata Arusha, wako watu ambao babu zao waliletwa na reli, na vijiji walimozaliwa havimo tena katika ramani ya leo.

I. Reli na watu wake

Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893. Ndiyo reli ya kwanza katika nchi iliyoitwa wakati ule Afrika ya Mashariki ya Kidachi. Ilifika Muheza mwaka 1896, kisha fedha za kampuni iliyoijenga zikaisha, na mwaka 1899 serikali ikaichukua. Ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, Buiko mwaka 1909, na Moshi mwaka 1911. Urefu wake wote tangu Tanga hata Moshi ni kilometa 352. Ndiyo kusema, ilichukua miaka 18 kwenda mwendo ambao leo mtu huumaliza kwa gari katika siku moja.

Tufikiri habari ya miaka hiyo. Kila mahali reli ilipokoma kwa muda, mahali hapo pakawa kama bandari katika nchi kavu. Tazama Mombo. Kwa miaka minne, tangu 1905 hata 1909, mizigo ya Upare na ya Kilimanjaro haikuweza kwenda mbele kwa gari la moshi. Ilishushwa Mombo, ikachukuliwa kwa vichwa vya watu na kwa magari ya kukokotwa. Palipo na mizigo pana wapagazi, na palipo na wapagazi pana wapika chakula, wauza nguo, mafundi, na watoto. Reli ilipoendelea mbele, wengi wa watu hao waliendelea nayo, na wengine walibaki.

Kijiji cha namna hii si kama kijiji cha ukoo. Kijiji cha ukoo kina mwenyewe, kina makaburi ya mababu, na jina lake hurithiwa. Kijiji cha reli kilikusanya watu wa makabila mengi, Wanyamwezi, Wasambaa, Wapare, Wazigua na wengineo, nao walikaa pamoja kwa ajili ya kazi tu. Kazi ilipokwisha, jina la mahali lilikwisha pia. Hii ndiyo sababu watoto wao husema, "Hatujui kwetu." Si kwamba hawana kwao. Kwao paliandikwa katika karatasi ambazo hawajaonyeshwa.

Basi, karatasi hizo ni zipi? Twazitazama moja moja.

II. Ramani

Jambo la kwanza la kuuliza juu ya ramani ni kipimo chake. Wadachi walichora ramani kubwa ya nchi hii kwa kipimo cha 1:300,000, maana yake sentimita 1 katika karatasi ni kilometa 3 katika nchi. Wakatoa pia ramani za kipimo cha 1:1,000,000 katika kitabu kikubwa cha ramani za makoloni, kazi ya Paul Sprigade na Max Moisel. Katika ramani hizo sentimita 1 ni kilometa 10. Kambi ya watu mia mbili haiwezi kuonekana katika ramani ya namna ya pili, mchoraji hana nafasi ya kuiweka. Kwa hiyo mtu asiseme, "Nimetazama ramani, mahali hapo hapakuwapo," kabla hajatazama ramani yenye kipimo kikubwa.

Jambo la pili ni mwaka. Ramani nyingi za zamani zimepotewa na ukurasa wenye mwaka. Lakini reli yenyewe hutuambia. Tazama mstari wake unakoma wapi:

Ukikoma Muheza, ramani yaonyesha hali ya nchi kati ya 1896 na 1902.
Ukikoma Korogwe, ni kati ya 1902 na 1905.
Ukikoma Mombo, ni kati ya 1905 na 1909.
Ukikoma Buiko, ni kati ya 1909 na 1911.
Ukikoma Moshi, wala hakuna reli ya kutoka Voi inayoungana nao pale Kahe, ni kati ya 1911 na 1916.
Reli ya Voi ikionekana imefika Kahe, ni baada ya 1916, maana Waingereza waliijenga wakati wa vita.
Mstari ukifika Arusha, ni baada ya 1929.
Na ukiona reli itokayo Mnyusi kwenda kusini hata Ruvu, ikiunganisha Tanga na reli ya kati, ni baada ya 1963.

Lakini ujihadhari na mambo mawili. La kwanza, mstari wa vitone si reli, ni mawazo ya reli. Wachoraji walitia njia nyingi zilizokusudiwa ambazo hazikujengwa kamwe. La pili, ramani huzaa ramani. Waingereza walipokuja kwa vita walitumia ramani za Wadachi, wakazichapa upya pamoja na majina yake. Jina laweza kukaa katika karatasi miaka mingi baada ya watu kuondoka mahali penyewe.

Jambo la tatu ni tahajia. Mdachi aliandika jina kama sikio lake lilivyolisikia na kama lugha yake inavyoandikwa. Mtu asiyejua kanuni zake atapita juu ya jina la kijiji chake wala asilitambue. Kanuni ni hizi: sch ni sh, kama Moschi na Aruscha. Dsch ni j, kama Kilimandscharo na Udschidschi, yaani Ujiji. Tsch ni ch, kama Tschole, yaani Chole. Herufi j husomwa y, kama Njassa, yaani Nyasa. S moja kati ya irabu mara nyingi ni z, kama Muhesa. Ss ni s ya kawaida, kama Kilossa. Na w mara nyingi husomwa v, kama Wuga, yaani Vuga, ambako sharika zetu zilikuwa na kiwanda cha kupigia chapa vitabu.

Tena usidanganywe na majina mapya. Wilhelmstal ni Lushoto. Hohenfriedeberg ni Mlalo. Na Moshi ni mbili. Moschi ya vitabu vya kwanza ni ile ya kilimani, ambayo hata leo watu huiita Old Moshi. Mji wa chini, penye stesheni, waliuita Neu-Moschi, yaani Moshi Mpya, nao ulikua kwa ajili ya reli. Mtu akisoma kwamba babu yake alikaa Moschi mwaka 1900, asimtafute stesheni. Stesheni haikuwapo.

Kwa kanuni hizi tulirudi kwenye neno la yule mama. Tulifuata mstari wa reli kwa kidole, stesheni kwa stesheni, tukitafuta kitu chochote kinachoweza kuitwa kamba. Tuliona tawi la Tengeni kwenda Sigi, reli nyembamba yenye upana wa sentimita 75, iliyojengwa kwa ajili ya mbao za Usambara ya Mashariki, ikipanda upande wa Amani, ambako chuo cha kuchunguza mimea kilianzishwa mwaka 1902. Huko palikuwa na miti, lakini hapakuwa na kamba. Katika ramani za wakati wa vita tuliona mstari mwingine, kutoka Mombo kuelekea Handeni. Hiyo ilikuwa reli ya vigari vya kusukumwa kwa mikono ya watu, iliyowekwa wakati wa vita vya 1914 hata 1918 ili kupeleka vyakula na vifaa vya majeshi. Huko palikuwa na watu wengi, lakini hapakuwa na kamba wala miti.

Ndipo kidole kilipofika Mkumbara, kati ya Mombo na Mkomazi. Kutoka pale mstari mwembamba, ulionyoka kama uzi, ulipanda juu ya genge la mlima. Barabara haiendi hivyo, wala reli haiwezi kupanda hivyo. Kando yake palikuwa na neno moja refu la Kidachi, Drahtseilbahn. Maana yake ni njia ya kamba ya chuma. Na juu yake, katika msitu wa Shume, paliandikwa jina Neu-Hornow, ambalo halimo katika ramani ya leo.

Nilipomweleza yule mama, alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kumbe baba hakutania."

III. Vitabu vya majina

Ramani hutuambia mahali palipokuwapo. Haituambii ni nani aliyekaa pale. Kwa neno hili twaviendea vitabu vya majina na anwani. Wakati wa Wadachi kilichapwa Berlin kitabu cha namna hiyo, Kolonial-Handels-Adressbuch, chenye majina ya makampuni, mashamba na wafanya biashara wa makoloni yote. Wakati wa Waingereza vilitolewa vitabu vya namna ya mwongozo, kama kitabu kikubwa cha habari za Tanganyika cha mwaka 1930. Vyote vyafaa kutafutwa, na vingine huweza kusomwa sasa hata katika mashine, pasipo kusafiri. Faili za serikali ya Wadachi nazo zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Kwa njia hii twajua kwamba msitu wa Neu-Hornow ulikatwa na kampuni iliyoitwa Wilkins & Wiese. Kampuni hiyo ilitafuta mti wa mwangati, ambao mbao zake ni nyekundu, zina harufu nzuri, nazo zilitakiwa Ulaya kwa kutengeneza kalamu za risasi. Msitu uko juu, reli iko chini, na kati yao ni genge lisilopitika kwa gari. Kwa hiyo kiwanda cha Bleichert cha Leipzig kiliwajengea njia ya kamba, yenye urefu wa karibu kilometa 9, ikishuka zaidi ya mita 1,000 tangu Shume hata Mkumbara. Magogo yalining'inizwa katika kamba yakapita angani juu ya vichwa vya watu. Kazi hiyo ilikuwa imekwisha kujengwa kabla ya vita vya 1914. Leo haipo tena.

Hapo ndipo twapaswa kusimama na kufikiri. Katika vitabu hivi twaona jina la kampuni, jina la meneja, na pengine jina la Mhindi au Mgiriki mwenye duka. Aliyekata mwangati hayumo. Aliyefunga gogo katika kamba hayumo. Mkewe aliyezaa mtoto chini ya kamba hayumo. Kitabu kikisema kwamba mahali fulani palikuwa na Wazungu watatu, msomaji asidhani kwamba palikuwa na watu watatu.

Tena kutokuandikwa huko hakukuwa bahati mbaya tu. Mwaka 1907 serikali ya Wilhelmstal iliamuru kwamba kila mtu mume wa Usambara aliye mzima afanye kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi minne, naye apewe karatasi ya kutiwa alama kwa kila siku ya kazi. Karatasi hiyo ndiyo kipande, na neno hilo halikufa na Wadachi. Baadaye, mashamba ya mkonge yalipoenea kando ya reli, watu waliletwa kutoka mbali, kutoka Kigoma, Ruanda na Urundi, Ubena na kusini, na mwaka 1944 wenye mashamba walifanya ofisi yao ya kuwatafuta, iliyoitwa SILABU. Watu hao waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba yake. Mkonge wenyewe uliletwa mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf. Alinunua miche 1,000 kutoka Florida, katika Marekani, na iliyofika hai ilikuwa 62. Tazama jambo hili: miche 62 ilihesabiwa na hesabu yake yajulikana hata leo. Watu walioilima waliitwa kwa namba, na majina yao hayamo katika kitabu.

Kwa hiyo twajifunza kanuni hii: kitabu cha majina kisomwe kwa macho mawili. Jicho moja litazame walioandikwa. Jicho la pili litazame nani angepaswa kuandikwa asiandikwe. Jina la kampuni si mwisho wa kutafuta. Ni mlango tu, maana ukiwa na jina la mwajiri waweza kuuliza vipande vyake, hesabu zake za mishahara, na faili zake. Na katika nyumba nyingi, chini ya sanduku la babu, kipande cha zamani kingali kimekunjwa pamoja na hati nyingine. Kisitupwe! Kina jina la mtu, jina la mwajiri, na mara nyingine jina la mahali.

Kuna chemchemi nyingine isiyojulikana sana, nayo ni magazeti ya Kiswahili. Gazeti la Kiongozi lilichapwa katika shule ya serikali ya Tanga mpaka wakati wa vita, na waandishi wake walikuwa watu wa nchi hii, walimu na makarani waliokaa katika vituo mbalimbali. Walileta habari za mvua, za vifo, za wageni, za mambo ya mahali walipokaa. Humo Mwafrika husema kwa kinywa chake mwenyewe.

IV. Kitabu cha kanisa

Sasa twafika penye kitabu ambacho walimu na wainjilisti wanacho mikononi, nao hawajui ni hazina ya namna gani. Ni kitabu cha ubatizo. Kampuni iliandika namba kwa sababu ilitaka kuhesabu siku za kazi. Kanisa liliandika jina, jina la baba, jina la mama, na mahali walipokaa, kwa sababu lilimbatiza mtu mmoja mmoja. Mtu asiyemo katika kitabu kingine chochote cha wakati wake aweza kuwamo humo.

Tulipojua kwamba mahali ni Mkumbara, tuliandika barua kwa usharika mmoja wa mlimani ambao walimu wake zamani walishuka kuzuru watu wa reli. Mtunza kitabu alifunua kurasa za miaka ya mwanzo, akatafuta mahali palipoandikwa kwa tahajia ya kale. Baada ya majuma mawili alijibu. Alikuwa ameona jina la yule baba. Alibatizwa angali mtoto mchanga. Baba yake ameandikwa mtu wa Unyamwezi, mama yake mtu wa Upare, na mahali pao Mkumbara, kambini.

Katika kutafuta hivi, shika maneno matatu.

Kwanza, tafuta jina la zamani pamoja na jina la ubatizo. Mtu mzima aliyebatizwa alijulikana kwa mwajiri wake kwa jina lake la kwanza. Ukitafuta Yohana katika karatasi ya kampuni hutamwona, na ukitafuta jina la kwao katika safu ya Wakristo pengine hutamwona vilevile. Kitabu cha ubatizo ndicho chenye majina yote mawili.

Pili, wasome wasimamizi. Wasimamizi wa ubatizo mara nyingi walikuwa majirani au watu wa kazi moja. Andika majina yao katika karatasi ya peke yake. Ukiona majina yaleyale yakirudi mara nyingi, umepata kijiji. Kwa njia hii twaweza kujua watu wa kambi moja hata kama hakuna mtu aliyewahi kuandika orodha yao.

Tatu, usisahihishe kitabu. Ukiona jina limeandikwa vibaya, liandike katika daftari lako vilevile lilivyo, kisha andika kando yake unavyofikiri. Aliye na haki ya kukosea ni wewe katika daftari lako, si katika kitabu cha kanisa.

V. Wazee na miguu

Karatasi zikiisha kusema, yabaki kuuliza watu na kwenda mahali penyewe. Wazee wasiulizwe miaka. Mzee akiulizwa, "Ilikuwa mwaka gani?" atajibu lolote ili kumfurahisha mgeni. Aulizwe vitu. Kisima kilikuwa upande gani? Nani aliuza chumvi? Maiti zilizikwa wapi? Watoto walisoma chini ya mti gani? Wala usimtilie maneno kinywani. Ukisema, "Je, kamba ilipita hapa?" atasema ndiyo. Sema, "Nieleze mambo ya hapa zamani," unyamaze, usubiri. Kisha umwulize mzee wa pili asiyekuwapo wa kwanza aliposema, uyalinganishe maneno yao.

Nchi nayo husema. Tuta la reli hukaa hata mataruma yakiisha kung'olewa. Miembe iliyopandwa kwa mstari haikuota yenyewe. Sakafu ya saruji katikati ya pori ilikuwa nyumba ya mtu. Lakini mahali pa makaburi pasichimbwe, wala kitu kisichukuliwe. Mtu aende na mwenyeji, aombe ruhusa kwa viongozi wa kijiji, naye aandike alichokiona.

Tena tusidhani kwamba kila mahali palipokufa pamekufa milele. Shirika la reli la Afrika ya Mashariki lilivunjika mwaka 1977, na baada ya miaka kadha gari la abiria lilikoma kufika Moshi na Arusha. Stesheni zikawa kimya, maduka yakafungwa, vijana wakahamia barabarani. Lakini mwaka 2019 gari la abiria lilirudi Moshi, na mwaka 2020 Arusha. Tuliowaona wazee wakisimama kando ya reli kulitazama likipita, tulifahamu kwamba wao hawakuisahau stesheni. Waliosahau ni wale wachoraji wa ramani.

VI. Mwisho wa habari ya yule mama

Tulikwenda naye Mkumbara, yeye na wajukuu wake wawili. Kaburi la babu yake hatukuliona, wala sitaki msomaji adhani kwamba kila kutafuta huisha kwa kupata yote. Hakuna jiwe, na waliozika wamekwisha kuzikwa. Lakini tulisimama chini ya genge la mlima, tukaangalia juu upande wa Shume, na mtu akaona kwa macho yake namna magogo yalivyoshuka angani. Katika orodha ya wasimamizi mlikuwa na jina la mtu ambaye wajukuu wake wangali wakikaa katika kijiji cha jirani. Tuliwaendea. Walikuwa na neno lao wenyewe wasilolielewa, maana bibi yao alikuwa akisema, "Sisi na watu wa kamba ni ndugu." Wakakaribishana, wakala pamoja.

Mama aliporudi nyumbani aliniambia, "Mwalimu, sasa wakisema sisi ni watu wa kuja, nitajibu: naam, tulikuja. Babu alitoka Unyamwezi, bibi alitoka Upare, na baba alizaliwa Mkumbara, chini ya kamba, naye aliandikwa kitabuni." Kisha akaniomba nimwandikie maneno hayo katika karatasi, mistari mitatu, apate kuyaweka pamoja na hati za nyumba yake. Nimeyaandika.

Ndugu walimu na wainjilisti, nina neno moja la mwisho. Vitabu tunavyoandika leo ndivyo vitabu vya zamani vya watu watakaozaliwa. Mtu akija kubatiza mtoto, naye akaa katika kambi ya barabara, au ya mgodi, au ya reli mpya, usiandike jina la wilaya peke yake. Andika jina ambalo watu wa pale huliita mahali pao, hata kama serikali hailijui. Andika jina la mama. Andika walikotoka. Tena angalia kitabu kisiliwe na mchwa wala kisilowe maji, na ikiwezekana kinakiliwe, nakala ikae mahali pengine. Kazi hii ni ya robo saa. Lakini siku moja, baada ya miaka themanini, mtu atauliza kwao ni wapi, na robo saa yako ndiyo itakayomjibu.

Maswali ya kujiuliza katika mkutano wa walimu

1. Katika usharika wetu ni mahali gani palipokuwa na kambi, stesheni au shamba kubwa, ambapo leo hapana jina?

2. Tukipata ramani isiyo na mwaka, twawezaje kuujua kwa kuitazama reli?

3. Kwa nini jina la kampuni laonekana katika kitabu cha anwani, na jina la mfanyakazi halionekani? Twaweza kulitafuta wapi?

4. Kitabu chetu cha ubatizo cha kwanza kabisa kiko wapi, nani anakitunza, na hali yake ni namna gani?

5. Ni mzee gani ambaye hatujamwuliza bado? Tutakwenda kwake siku gani?